Barua kwa mwanangu anayekwenda kukabidhiwa ghala la dawa

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Mama yako ameniambia kwamba tiketi ya treni ya kwenda Dodoma umekwisha kuikata, na kwamba kutoka hapo utapanda basi hadi Tabora. Basi nimeona niandike sasa, kwa maana maneno haya nikiyasema kwa mdomo nitakatizwa, ama na wewe ama na hasira yangu mwenyewe. Siku ile uliposema mbele ya shangazi zako, vyombo vya futari vikiwa bado viko mkekani, kwamba mtu hahitaji dini ili awe mwema, mimi sikujibu kitu, na ukimya wangu kila mmoja ameufasiri anavyotaka. Shangazi yako mkubwa anaamini nilishindwa hoja. Mama yako alidhani presha imenipanda. Mimi nilikuwa nawaza ghala la dawa ambalo unakwenda kukabidhiwa funguo zake.

Niondoe kwanza yale ambayo hatugombani. Swali ulilolileta, kama jambo huwa jema kwa sababu Mungu ameliamrisha au Mungu huliamrisha kwa sababu ni jema, ulilileta kana kwamba limeshuka uwanja wa ndege juzi. Ukamtaja Sokrate wa Athene, ambaye mwanafunzi wake Plato anamwonyesha akimbana nalo Euthyphro. Sawa. Lakini swali hilo limegombewa pia na watu waliosali swala tano. Muutazila wa Basra, kundi la wanazuoni wa Kiislamu, walishikilia kwamba akili ya mtu huutambua ubaya wa dhuluma hata kabla mtume hajafika. Abul Hasan al-Ash'ari, aliyelelewa ndani ya kundi hilo hilo kisha akalihama, akasema jema ni lile lililoamrishwa na baya ni lile lililokatazwa. Al-Maturidi wa Samarkand, aliyeishi zama zile zile, akawa karibu zaidi na upande wa akili kuliko al-Ash'ari, bila kwenda umbali wote wa Muutazila. Ustadhi wako wa madrasa angeweza kukueleza haya ulipokuwa mdogo na ukimuuliza maswali, lakini yule alikuwa hodari wa fimbo kuliko wa majibu, na alama zake nilikuwa naziona miguuni mwako jioni, nami nikaendelea kulipa ada.

Tena katika Surat Shams tunasoma kwamba nafsi ilifahamishwa uovu wake na wema wake, na haikusemwa pale kwamba ni nafsi ya Mwislamu peke yake. Baba yako mdogo wa Ukonga, ambaye unajua ni Mkatoliki, aliwahi kunisomea Waraka wa Paulo kwa Warumi, sura ya pili, mahali panapoelezwa kwamba watu wa mataifa wasiopewa sheria hufanya kwa asili yao yale ambayo sheria inayataka, kwa kuwa yameandikwa mioyoni mwao. Kwa hiyo, kwamba asiye na dini anaweza kulijua jema na kulitenda, hilo vitabu vyenyewe havilikatai, na hukuwa na haja ya kulipazia sauti mbele ya wageni.

Wala huna haja ya kunithibitishia kwamba wenye dini huiba. Viongozi wetu huapishwa wakiwa wameshika Msahafu au Biblia, kamera zikiwaka, na kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoka ikiwa na kurasa zake. Surat Maaun ilikwisha kuwatolea ole wanaosali huku wakijionyesha na kuwanyima watu hata msaada mdogo. Lakini usinitazame kwa ushindi, kwa sababu kiapo kisicho na kitabu nacho tumekijaribu hapa nchini. Sisi tulizikariri ahadi za TANU: rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa, cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu. Ahadi hizo hazitaji Mungu wala mtume. Mwalimu Nyerere mwenyewe, Mkatoliki wa kwenda misa, alishikilia kwamba nchi haina dini ingawa watu wake wanazo, na ahadi zile Mwislamu na Mkristo walizitamka kwa sauti moja. Walioiba walizitamka pia, tena baadhi yao ndio waliokuwa wakituongoza kuzitamka.

Unajua nilikuwa karani wa ghala, lakini sidhani kama nimewahi kukueleza kazi yenyewe ilivyokuwa. Mzigo ukishushwa unasimama kando na ubao wako wa karatasi, unahesabu kwa penseli, vijiti vinne na cha tano unakikatiza juu yao, na unachokiandika wewe ndicho kinachokuwa kweli kwa kila mtu anayekuja baadaye. Adhuhuri moja tulikuwa tunapokea katoni za sabuni. Mwenzangu mmoja, mtu mwenye sugu ya kusujudu kwenye paji la uso na anayeheshimiwa na kila mtu pale, aliweka kiganja chake juu ya karatasi yangu, kwa upole kabisa, akasema katoni zile za nyuma zimeharibika njiani, niziandike zimeharibika. Nilikuwa naziona. Utepe wa kiwandani ulikuwa haujaguswa, nazo zilikwisha kupangwa ndani ya pikapu chini ya turubai. Kisha kukaadhiniwa, naye akaniacha na penseli yangu akaenda kutawadha. Usiniulize niliandika nini.

Katika ghala hilo hilo alikuwepo fundi mkuu wa mitambo, aliyesomea ufundi wake Urusi enzi za Umoja wa Kisovieti na kurudi kutoka huko akiwa haingii msikitini wala kanisani. Huyo angekufurahisha. Hakuna aliyethubutu kumwekea kiganja juu ya karatasi. Wakati mmoja alikosea hesabu ya vipuri, na lawama ikamwangukia kijana wa chini yake, ambaye alisimamishwa kazi. Fundi alipogundua kosa ni lake alikwenda mwenyewe kwa wakubwa akalisema, kisha akamfuata yule kijana nyumbani kwao Tandika, akamwomba radhi mbele ya wazazi wake na kumlipa kutoka mfukoni mishahara aliyoikosa. Nilimheshimu kwa hilo, na heshima yenyewe ilikuwa na wivu ndani yake. Lakini mwanangu, hadi anastaafu mtu yule alilizungumza jambo lile kana kwamba limetokea asubuhi ileile. Alikwisha kulipa, kijana alikwisha kusamehe na kurudishwa kazini, na bado hakuona mahali pa kulitua.

Hapo ndipo ilipo hofu yangu, na nitairudia hata kama utachoka. Sina shaka kwamba unajua jema. Sina shaka hata kwamba utalitenda, siku nyingi. Ninachokuuliza ni siku utakayokosea utarudi wapi.

Maana siku hiyo itakuja. Utakuwa na leja, kadi za stoo na kufuli. Ndani kutakuwa na dawa za malaria, sindano, glovu, dripu, na antibiotiki ambazo duka la nje linaziuza kwa bei inayomzidi mkulima wa tumbaku. Wenye maduka watalijua jina lako kabla hujamaliza kufungua begi. Atakuja mtu mstaarabu, pengine amevaa kanzu, pengine ni mwenzako mliyesoma naye, wala hatatamka neno wizi. Atasema boksi hizi zinakaribia kuisha muda wake, ziandike zimeisha. Au ziandike zimetoka kwenda wodini. Mshahara utakuwa umechelewa, au mimi na mama yako tutakuwa tumekupigia simu kuomba hela ya bati, na upepo wa siku hiyo utakuwa wa namna yake. Kisha mama mjamzito ataambiwa dirishani kwamba dawa hakuna, akanunue nje. Mkono wake hautafika kwenye leja yako, na wewe hutauona uso wake.

Ulinitajia Denmark, ambako wengi wanaingia kanisani kwa harusi na mazishi tu, na ambayo Transparency International, shirika linalopima rushwa duniani, imeiweka kileleni katika miaka ya karibuni kwa uchache wa rushwa. Sina ubishi na Denmark. Lakini mtu wa huko amezungukwa: mshahara unamtosha, mkaguzi anafika, gazeti linaandika, jirani anaona aibu kwa niaba yake. Isitoshe ni watu ambao wazee wao wamelelewa katika Ulutheri tangu mwaka 1536, na nyumba haianguki siku ile fundi anapobeba vifaa vyake na kuondoka. Wewe hupelekwi Denmark. Unapelekwa wilayani, utakuwa peke yako na funguo, na mkaguzi akija mara nyingi atakuta makaratasi yaliyonyooka.

Utanijibu kama ulivyomjibu shangazi yako, kwamba wema wa kuogopa moto ni wema wa mtumwa. Hilo nalo limesemwa na mcha Mungu kabla yako. Bi Rabia wa Basra, katika karne ya 8, anasimuliwa kwamba aliomba achomwe motoni ikiwa anamwabudu Mola kwa kuuogopa moto, na azuiliwe pepo ikiwa anamwabudu kwa kuitamani pepo. Mimi sijafika hapo. Mimi moto nauogopa, tena sana, na kuna usiku ambao hofu hiyo ndiyo iliyoniinua kitandani, si hoja ya mwanafalsafa yeyote. Ukiniita mtumwa kwa ajili hiyo, nitakaa kimya tena.

Ninachokijua mimi ni toba. Masharti yake ulifundishwa, na naamini unayakumbuka pamoja na fimbo zake: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na ikiwa kuna haki ya mtu ndani yake, kumrudishia mwenyewe. Matatu ya kwanza mtu anaweza kuyamaliza juu ya msala kabla ya alfajiri. La nne linataka nauli, linataka kumtafuta mtu aliyehama, linataka kumwambia mkeo kwa nini fedha ya kujengea chumba cha uani imepungua. Mama yako anajua kwa nini chumba kile kilichelewa kuezekwa. Najua utasema fundi wa mitambo alilitimiza sharti la nne bila kusoma hata aya moja, na utakuwa umesema kweli. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu na sina la kumpunguzia. Lakini yeye alitimiza na akabaki na mzigo. Mimi nilichelewa miaka mingi, nikatimiza nusu, na nikaweza kulala. Huenda wewe utaona kwamba yeye ndiye bora kwa sababu hiyo hiyo. Mimi ni baba yako, nataka ulale.

Silazimishi swala, maana swala ya kumridhisha baba haina thamani hata kwa baba mwenyewe. Ungeweza kutudanganya. Wenzako wengi hawaamini kitu, lakini Ijumaa wanavaa kanzu zilizopigwa pasi na kukaa safu ya mbele ili wazazi wapate pa kuegemea barazani. Wewe ulituambia uso kwa uso, na katika jambo hilo nakuona una adabu kuliko mimi nilivyokuwa katika umri wako, ingawa ungeweza kusubiri shangazi zako waondoke. Ninachotaka ukifika Tabora ni uwe na watu. Kama si msikiti, basi wazee wawili watatu wa kuketi nao jioni, watu ambao ukiwakwepa kwa wiki nzima watakuja kugonga mlango kukuuliza kulikoni. Usikae peke yako na simu yako na hoja zako. Nimekwisha kukuuliza utarudi wapi; ukinijibu kwamba utarudi kwa watu, nitapungukiwa na hofu kidogo, hata kama sitaridhika.

Mengine ni ya nyumbani. Mpangaji wa chumba cha uani amelipa miezi mitatu na bado anadaiwa umeme, kwa hiyo tumeamua awe na LUKU yake. Simtanki imepata ufa pembeni na fundi anasema haizibiki. Msahafu wako wa madrasa nimeutia kwenye mfuko wa nailoni chini ya nguo, si kwa kukulazimisha, ila kwa sababu rafu ile inavuja mvua zikinyesha.

Na mama yako anasema jambo hili nilikaze: vidonge vyake vya presha usimtumie kutoka huko, hata paketi moja, hata kama zimezidi na hakuna anayeziulizia. Tutaendelea kuvinunua hapa Mapipa. Ukifika, mpigie yeye kwanza, simu yangu betri haikai na chaji.

Wasalaam,
Baba yako