Barua kwa mwanangu anayekwenda kukaa kaunta ya posta

Mufindi

Kamwene mwanangu,

Mama Posta, karani wetu wa posta, tumemzika Alhamisi. Alivyokuwa sina haja ya kukueleza, umekulia kwenye benchi lake. Watu walijaa mpaka barabarani, wengine walikuja na Fuso kutoka vijiji ambavyo hata sanduku la posta havina. Tulikutegemea uje, mwanangu. Najua ulikuwa kwenye maandalizi ya kuripoti kazini, lakini simu moja ya pole kwa watoto wake isingekushinda. Bado hujachelewa.

Sasa umepangiwa Tukuyu, na mimi usingizi umenipaa. Siyo kwa ajili ya nauli wala ya chumba. Ni jambo moja tu: usimpe mtu barua ya mwenzake. Hata akiwa mume wa mwenye barua, hata akiwa mzee wa kanisa, hata akikwambia mwenye nayo yuko nje kwenye pikipiki anamsubiri. Kama yuko nje, si aingie.

Ulinijibu kwenye simu kwamba siku hizi barua ni chache, mambo yote WhatsApp. Sikatai. Enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa na Shirika la Posta kuanza peke yake Januari 1994, mfuko ulijaa salamu na hawala. Pesa za simu zilipoingia mwaka 2008, hawala nazo zikaanza kupotea. Lakini tazama kilichobaki: wito wa mahakama, kadi ya benki, cheti halisi, nyaraka za mirathi ya mjane. Salamu ikipotea mtu ataandika nyingine. Cheti kikiangukia mikononi mwa shemeji mwenye kinyongo, mwenye nacho atahangaika miaka. Hizo chache ndizo za kuogopa.

Kwa hiyo rejista uiandike mtu akiwa amesimama mbele yako, siyo jioni kwa kukumbuka. Mama Posta hakuwahi kulaza mstari. Namba ya kifurushi ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi, na za kwetu huishia TZ. Tarakimu nane za mwanzo ndizo namba yenyewe. Ya tisa hukokotolewa kutokana na hizo nane. Ndiyo maana kwenye kompyuta ukigeuza 38 ikawa 83, mara nyingi inagoma palepale. Umeme ukikatika mkaandika kwenye daftari, daftari haligomi. Isome namba kwa sauti, tarakimu mojamoja, kidole kikiwa juu ya kifurushi, halafu uisome tena kutoka kwenye daftari. Kitambulisho ukishike mkononi, usionyeshwe kwa mbali. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, na shahidi awe mtu mwingine, asiwe wewe unayekabidhi.

Huko Tukuyu, wilayani Rungwe, utakutana na shida ambayo huku hatuna sana. Majina ya ukoo mengi yanaanza na Mwa-. Ukipanga barua kwa herufi ya kwanza kama ulivyofundishwa, kijisanduku cha M kitafurika na vingine vitakaa vitupu, na hapo ndipo mkono unapochomoa bahasha isiyo yake. Anza kupanga kwa herufi zinazofuata Mwa-: wa Mwaka- peke yao, wa Mwai- peke yao, wa Mwam- peke yao. Tena S.L.P. moja ya shule au parokia inaweza kutumiwa na kijiji kizima, kwa hiyo jina la ukoo halitoshi. Soma jina la kwanza, la baba, na kijiji. Wakiwa wawili wanaofanana kila kitu, uliza barua inatarajiwa kutoka kwa nani, ulinganishe na jina la mtumaji mgongoni mwa bahasha. Usimtajie wewe kwanza, kwa maana ukishamtajia ataitikia tu.

Na mwenye barua akiwa amefariki, mtoto wake wa kwanza atakuja analia. Mpe pole, barua usimpe. Mwambie alete hati ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo, na umwone mkuu wako kabla hujatoa chochote. Utachukiwa siku mbili tatu. Mama Posta naye alichukiwa, na hao hao ndio waliobeba jeneza.

Mfuko ukishushwa kwenye basi, tazama lakiri na kamba kabla ya kusaini. Ukisaini kwanza halafu ukakuta umefunguliwa, upotevu ni wako. Tukuyu mvua haina adabu, kwa hiyo utapokea mifuko iliyolowa. Bahasha zilizogandana usizibandue zikiwa mbichi, zitachanika. Zilaze juu ya magazeti makavu, badilisha magazeti yakilowa, subiri ziachane zenyewe. Usizipeleke juani wala karibu na jiko: gundi hukauka na kufyatuka, bahasha inabaki wazi, na nani atakuamini kwamba hukuifungua? Stempu nazo ziweke juu, mbali na sakafu na ukuta, na karatasi ya nta kati ya shiti na shiti, maana unyevu ukiingia zinagandana. Muhuri badilisha tarehe kabla ya kufungua mlango, ujaribu kwanza kwenye karatasi chakavu.

Wazee watakuomba uwasomee. Wasomee yote, hata yanayouma, usiruke wala usipambe, kisha kunja umrudishie mkononi. Baada ya hapo hukusikia kitu. Mtu akikuuliza sokoni fulani kaandikiwa nini, mwulize bei ya ndizi. Hili nalo ni lilelile ninalokwambia tangu mwanzo. Neno la barua likitoka kwako, umempa mtu barua ya mwenzake bila bahasha.

Siku ile nilipokukatiza nikasema kazi ya posta haina maisha, wasiwasi ndio ulinisemesha. Walimu wako walikusifu mbele yangu na nilikaa kimya, lakini nyumbani niliwaambia wote.

Huku bati la jikoni lilipeperushwa upande mmoja, fundi anataka misumari kilo mbili na ubao mmoja. Viazi tumevuna, ila ukungu wa majani umekula robo ya shamba kwa sababu mdogo wako alichelewa kupiga dawa. Mama yako amefunga debe la parachichi, litapanda basi la Jumatatu mpaka Uyole. Utafute kijana wa kukupandishia kwenye Hiace ya Tukuyu. Ni mabichi, yafunike kwenye magunia siku nne. Lile sweta zito umelisahau nyuma ya mlango, limo humo humo kwenye debe, chini kabisa.

Baba yako