Dada, kuhusu mwanao na maulidi ya babu

Maskati

Dada, asalaam alaykum.

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili ndani ya basi nikashindwa kujibu pale pale, moyo ulinipasuka. Yaani mtoto hasali tena nyuma ya babu yake kisa mzee anasoma maulidi, na neno alotumia ni kafiri? Kafiri, mzee alomfundisha alifu na bee kwa kijiti? Kusema maulidi ni bidaa, uzushi katika dini, sawa, ugomvi huo tumeukuta na masheikh wanabishana huku wanakunywa kahawa, ila kumtoa mtu kwenye dini ni habari nyengine kabisa.

Ule msikiti wa Mashia wa Wadi Kabir, hapa Maskati, ulopigwa risasi Julai 2024 si mbali na ninapokaa. Watu wamekusanyika kwa ajili ya Ashura, maombolezo ya Imam Hussein, wakauliwa sita, Wapakistani wanne, Mhindi mmoja na askari polisi mmoja. Daesh, wale wanaojiita Dola ya Kiislamu, wakasema ni wao, na polisi wakatangaza wauaji ni Waomani watatu, ndugu. Huku Oman ambako madhehebu ya Ibadhi, Sunni na Shia wanasimama safu moja! Fundi cherehani wa chini kwetu, Mpakistani, hakufungua duka wiki nzima.

Na msikiti wenyewe unaitwa Ali bin Abi Talib. Sayyidna Ali kapigwa upanga mji wa Kufa, Iraki, mwaka 661, mwezi wa Ramadhani, na Ibn Muljam, mtu wa kusali na kufunga. Alikuwa katika Khawarij, wale walomuasi Ali baada ya vita vya Siffin na Muawiya, 657, eti kakubali usuluhishi wa binadamu wakati hukumu ni ya Mungu peke yake. Hiki kisa msimulie mwanao: walimkuta njiani Abdullah bin Khabbab, mtoto wa sahaba, yuko na mkewe mjamzito. Inasimuliwa mmoja wao kaokota tende ilodondoka kaitia mdomoni, wenzie wakamkemea aiteme maana hajailipia, akaitema. Kisha wakamchinja Abdullah, na mkewe wakampasua tumbo. Tende ya watu haramu, damu ya mwenye kusali halali!

Ibadhi nao chimbuko lao ni zogo hilo hilo (ukiwaita Khawarij wanakasirika, na wana haki) ila wao waligoma kuihalalisha damu ya Waislamu wenzao, ndo maana Unguja sultani alikuwa Ibadhi, raia wengi Shafii, na kila upande ulikuwa na kadhi wake.

Haya ya leo yamepikwa upya jela za Misri zama za rais Nasser. Sayyid Qutb, mwandishi wa huko, kaandika kwamba jamii za Kiislamu zimerudi kwenye ujahili, yaani hali ya kabla ya Uislamu, akanyongwa 1966. Shukri Mustafa, Mmisri mwenzie, akatoka jela akapitiliza, asojiunga na kundi lake ni kafiri, na 1977 wakamteka Sheikh Dhahabi, mwanachuoni wa chuo cha Azhar alowahi kuwa waziri wa wakfu, wakamuua. Mateso ya jela yalichangia sikatai, halafu vita vya Afghanistan, halafu Marekani kuivamia Iraki 2003, humo ndo Daesh wakapata pa kuotea. Lakini neno ni lile lile la mwanao.

Usimpige, na simu usimnyang'anye, ataficha nyengine. Umtume kwa babu jioni ampelekee tende, nimempa mtu anashuka Ijumaa, khalasi kilo tano, za babu nimezifunga mbali.

Ndugu yako