Vioo vyangu vimegeuka manjano

Kisumu,
Jumapili jioni

Barasa ndugu yangu,

Salamu kwako, kwa mama watoto, na kwa yule mdogo aliyening'oa kifungo cha shati Desemba. Huku tuko salama, ila joto la ziwa mwezi huu halina huruma.

Uliniuliza kama uache kuagiza paneli za silikoni, hizi za kawaida, kwa kuwa wateja wako wamesikia kuna sola mpya za perovskaiti. Nilikujibu juu juu kwa sababu kredo ilikuwa inaisha. Jibu ni usiache.

Si kwamba perovskaiti, ile fuwele yenyewe, ni mbovu. Mwaka 2009 Wajapani waligeuza nayo asilimia 3.8 tu ya nguvu ya jua kuwa stima. Leo maabara zimepita 26, na unaipaka ikiwa majimaji, ukaikausha kwenye sahani ya moto wa kama nyuzi 100. Kazi iko milangoni. Unakumbuka kanisa la nyanya yako, wanaume mlango huu, wanawake mlango ule? Jua likipiga perovskaiti, elektroni inaruka, na pengo iliyoliacha nalo linatembea kama kitu chenye chaji chanya. Kila mmoja sharti atoke kwa mlango wake. Wakikutana tena uani wanarudiana, na stima huna. Ndiyo maana tunaweka tando mbili, moja kila upande: huu upitishe elektroni umzuie mwenzake, ule ufanye kinyume.

Kwa mlango wa mapengo, wengi hutumia kitu cha kikaboni kinachoitwa spiro-OMeTAD. Ni ghali ajabu, na peke yake ni kivivu, kwa hiyo huchanganywa na chumvi ya lithiamu. Sasa wewe umekaa Kisumu, unajua chumvi ya jikoni inavyolowa msimu wa mvua, na hii ni vivyo hivyo. Ijumaa niliacha mezani maabara vioo vinne nilivyovipaka seli hizi, vyeusi kama chai ya rangi iliyochemka sana. Jumatatu kingo zote zilikuwa manjano kama kiini cha yai. Hiyo manjano ni iodidi ya risasi (ile metali, si ya bunduki), yaani perovskaiti imeshavunjika. Wiki mbili za kazi! Nilikaa kwenye kigoda nikaviangalia tu.

Tangu siku hiyo nimehamia tando za madini, ambazo si za kikaboni na hazivunjiki haraka kwa joto. Nazo zina vituko vyake. Oksidi ya titani, ile ile inayofanya rangi ya ukuta iwe nyeupe, inapitisha elektroni vizuri, lakini kwa njia tunayotumia sisi inataka tanuri la nyuzi 450 hadi 500. Stima ilipotea tukiwa 410, mara mbili. Tena ikipigwa na miali ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, inaanza kumtafuna jirani yake. Oksidi ya bati ndiyo kipenzi changu: nyuzi 150 hadi 180 zinatosha, na miali hiyo haiisumbui sana. Usicheke ukadhani nakwangua mabati ya paa. Mabati yako ni chuma kilichopakwa zinki. Na zinki nayo tulijaribu, oksidi yake inapitisha elektroni kwa kasi, lakini ukiipasha moto ikiwa imegusana na perovskaiti, inaivunja palepale.

Upande wa pili, wa mapengo, nimependa oksidi ya nikeli. Unapata unga wa kijani kama sukuma iliyosagwa, unauoka nyuzi 270, unatoka mweusi kama masizi. Ninausambaza kwenye maji, naumwaga kwenye kioo kinachozunguka, naupata utando mwembamba mno. Ubaya wake uko pale unapogusana na perovskaiti: uso wa nikeli una tabia ya kuichokoza, kwa hiyo watu huweka kitu kingine katikati.

Kuna pia thaiosayaneti ya shaba. Bei yake ni nafuu kuliko spiro kwa mbali, na mwaka 2017 kikundi cha Michael Grätzel huko Lausanne kilipita nayo asilimia 20. Walipotia oksidi ya grafini iliyopunguzwa oksijeni, yaani utando wa kaboni, kati yake na dhahabu inayokusanya stima, seli ilibakiza zaidi ya asilimia 95 ya nguvu yake baada ya saa 1,000 kwenye mwanga na joto la nyuzi 60. Nilisoma nikafurahi, nikaijaribu. Ile dawa inayoiyeyusha, Barasa! Harufu ya kitunguu saumu kilichooza. Mlinzi alikuja kuuliza kama kuna panya amekufia darini. Nimeirudisha kabatini mpaka tutengeneze kile kitoa moshi.

Kwa hiyo mteja akikuuliza, mwambie saa 1,000 ni kama siku 42, na paneli ya silikoni inauzwa na dhamana ya miaka 25. Hesabu ataifanya mwenyewe.

Nina ombi. Nitamkabidhi dereva wa matatu wa asubuhi vioo viwili vilivyofunikwa kwa kioo kingine na kuzibwa kwa gundi kingo zote, kwa sababu ndani mna risasi. Usivifungue, na watoto wasivichezee. Kimoja kina spiro, kingine nikeli, nimeviandika kwa kalamu nyuma. Nakuru kumekauka kuliko huku na mko juu zaidi. Vifunge kwenye mabati ya duka, vikiangalia juu. Kila jioni ukifunga duka tazama kingo, uniandikie ni siku gani manjano imeanza na kwa kipi.

Wako,
Otieno