Mwanangu anajua hesabu, kilichomwangusha ni maneno ya swali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme jambo linalonikaa rohoni tangu Januari, matokeo ya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili yalipotoka. Mwanangu amevuka, yuko Kidato cha Tatu. Ila Hisabati ana F, maana yake hakufikisha hata alama 30. Nilipokwenda shuleni kwake, shule ya kata, niliambiwa kijana "ni mzito wa namba". Nikarudi nyumbani kimya.

Mimi ni fundi mwashi, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kijana huyu likizo zote yuko nami saiti. Tukiseti msingi, kona anazipiga yeye. Anafunga uzi kwenye vigingi, anapima mita 3 upande huu na mita 4 upande ule, kisha anavuta futi kamba mshazari. Ikisoma 5 kamili, kona imekaa. Ikizidi au ikipungua anasogeza kigingi, hasubiri nimwambie. Siku moja tulikuwa tunajenga choo, sehemu finyu, mita 4 hazipo. Akashuka kwenye sentimita 60, 80 na 100. Hilo sikumfundisha. Mtoto wa namna hiyo anaitwaje mzito wa namba?

Nikamwomba aniletee mitihani ya majaribio waliyofanya shuleni kabla ya upimaji. Kulikuwa na swali la ngazi, halina mchoro, unauchora mwenyewe kichwani. Nafasi ya kujibia ilikuwa nyeupe kabisa, pembeni sifuri ya wino mwekundu. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, kwa hiyo nikamwita jirani aliyemaliza Kidato cha Sita anisomee kwa Kiswahili: ngazi ya mita 5 imeegemezwa ukutani, mguu wake uko mita 3 kutoka ukutani, je, inafika urefu gani? Jirani hajamaliza, kijana kajibu kutoka uani alikokuwa anaosha koleo: "Nne." Nikamuuliza mbona hukuandika? Akasema, "Baba, hilo neno 'leans' sikulijua. Nilidhani ni sehemu ya ngazi, nikaogopa."

Mhariri, nimelifikiria neno hilo moja, ambalo ni 'imeegemea' tu, kwa muda mrefu. Watoto wetu wa shule za Serikali wanasoma Hisabati kwa Kiswahili miaka saba. Wakiingia Kidato cha Kwanza, lugha inageuka. Haijatimia miaka miwili wanawekewa mbele karatasi ya maswali 10, alama 10 kila moja, saa mbili na nusu, na kila sentensi ni ya Kiingereza. Darasani mwalimu anawafafanulia kwa Kiswahili, kwa sababu bila hivyo hawatamwelewa, na wala simlaumu. Lakini kwenye chumba cha mtihani hayupo wa kufafanua.

Sisemi lugha ndiyo sababu pekee. Walimu wa hisabati ni wachache na madarasa yamejaa, hilo kila mzazi anaona. Ila Baraza la Mitihani lenyewe, kwenye taarifa zake za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, hutaja kushindwa kuelewa matakwa ya swali na udhaifu wa Kiingereza miongoni mwa sababu za watoto kuanguka. Na tunaona mwisho wake: mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa kama mmoja kati ya wanne. Hao watatu wengine wote hawajui kuhesabu? Mimi nimelea mmoja anayejua.

Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote. Tulifurahi. Toleo la 2023, lililozinduliwa Dodoma mwaka 2025, limebakiza Kiingereza sekondari. Sawa, sina uwezo wa kubishana na sera. Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho: karatasi ya Hisabati ya Kidato cha Pili iwe na swali kwa lugha zote mbili, Kiingereza juu, Kiswahili chini, na mtoto ajibu kwa anayoiweza. Hili si geni kwa Baraza. Mtihani wa Hisabati wa darasa la saba hutungwa kwa Kiswahili, na watoto wa shule za mchepuo wa Kiingereza hupewa wa kwao kwa Kiingereza. Kama mtoto wa mchepuo alionekana anastahili kuulizwa kwa lugha aliyofundishwa nayo, huyu wa shule ya kata amekosa nini?

Watakaosema tunataka kuwanyima watoto Kiingereza, nawasihi wanielewe. Mwanangu nataka akijue, na lipo somo la Kiingereza lenye mtihani wake, huko apimwe mpaka basi. Ameanza mwenyewe kuandika maneno ya maswali ya hesabu kwenye daftari la mistari, kila jioni manne au matano, mimi namshikia tochi umeme ukikatika. Hajakata tamaa, na mtihani wa Kidato cha Nne haupo mbali.

Nitashukuru Baraza la Mitihani au Wizara wakinijibu kupitia ukurasa huu: kuweka Kiswahili chini ya swali la ngazi kunazuiwa na nini?

Mzazi na fundi mwashi,
Kihonda, Morogoro