Chevènement hakususa

Mhariri,

Makala mliyoichapisha wiki iliyopita kuhusu mawaziri wa ulinzi wa Ufaransa ilimwelezea Jean-Pierre Chevènement kuwa ni mkaidi aliyezoea kususa, na ikasema aliondoka serikalini vita vya Ghuba, vile vya kuiondoa Iraki Kuwait, vilipokwisha. Kosa hilo la tarehe si dogo kama linavyoonekana, kwani ndilo linaloizaa hukumu nzima iliyotolewa dhidi yake.

Chevènement alijiuzulu tarehe 29 Januari 1991. Ndege za muungano wa mataifa ulioongozwa na Marekani zilikuwa zimeanza kuishambulia Iraki tarehe 17 mwezi huohuo, lakini mashambulizi ya nchi kavu yalikuja baadaye, tarehe 24 Februari. Aliiacha wizara, basi, wakati askari wa Ufaransa zaidi ya 10,000 wakiwa jangwani Saudia wakingoja amri ya kusonga mbele, na hakuna aliyejua wangapi wangerudi makwao. Katika barua yake kwa Rais François Mitterrand alieleza kwamba mwenendo wa vita ulikuwa na hatari ya kuiweka Ufaransa mbali, siku baada ya siku, na malengo yaliyowekwa na Umoja wa Mataifa. Kuikomboa Kuwait alikubali. Kuivunjavunja Iraki hakukubali, na siku chache kabla ya hapo marubani wa Ufaransa, ambao mwanzoni walipewa shabaha zilizomo Kuwait tu, walikuwa wameanza kupiga ndani ya Iraki yenyewe.

Wapo waliosema wakati ule kwamba alikuwa akiwatetea marafiki zake wa Baghdad, na ni kweli kwamba mwaka 1985 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha urafiki kati ya Ufaransa na Iraki. Hoja hiyo ina uzito, na mwandishi wenu alikuwa na haki ya kuitaja. Hata hivyo, tangu Iraki ilipoivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990 hadi siku aliyoondoka, ni wizara yake iliyoandaa na kusafirisha jeshi hilo ambalo yeye mwenyewe hakutamani lipigane. Mwenye kususa hafanyi kazi ya namna hiyo kwa karibu miezi sita.

Ningependa pia kuligusa lile neno lake maarufu la mwaka 1983, alipotoka wizara ya viwanda kwa kutokubaliana na mwelekeo mpya wa kubana matumizi. Makala ililitafsiri hivi: "Waziri asiyeridhika hujiuzulu." Nimefundisha Kifaransa katika shule ya sekondari kwa miaka mingi, na naona tafsiri hiyo imekata nusu ya usemi na kuilainisha nusu iliyobaki. Alichosema kinakaribia hivi: "Waziri hufunga bakuli lake, akitaka kulifungua, hujiuzulu." Neno alilolitumia kwa mdomo ni lile la kinywa cha mnyama, la mtaani kabisa, ndiyo maana nimechagua "bakuli" letu. Nusu ya kwanza ni amri aliyojipa mwenyewe: ukiwa ndani ya serikali, usiiseme vibaya serikali hiyo hadharani. Nusu ya pili ndiyo gharama yake. Mtu aliyekata nusu ya kwanza hawezi kumwelewa Chevènement hata kidogo.

Historia yake inalithibitisha hilo. Mtoto huyu wa walimu, aliyezaliwa mwaka 1939 huko Belfort, mji uliozoea kuzingirwa na majeshi, alitumikia Algeria akiwa ofisa kijana na kushuhudia mwisho wa vita vya uhuru wa nchi hiyo. Mwaka 1971, katika mkutano wa Chama cha Kisoshalisti huko Épinay, CERES, kundi lake la mrengo wa kushoto ndani ya chama, lilimsaidia Mitterrand kukishika chama hicho. Waziri mkuu Lionel Jospin alipomkabidhi wizara ya mambo ya ndani mwaka 1997, aliitumikia hata baada ya Septemba 1998, pale dawa ya usingizi aliyopewa kwa ajili ya upasuaji ilipomletea madhara makubwa, moyo wake ukasimama, na akakaa siku kadhaa bila fahamu. Miezi michache baadaye alikuwa amerudi mezani kwake. Aliondoka Agosti 2000 kwa sababu ya Korsika, kisiwa cha Ufaransa katika Mediterania: aliona kwamba kukipa kisiwa hicho mamlaka ya kutunga sheria ni kuigawa Jamhuri.

Kuhusu uchaguzi wa rais wa mwaka 2002, ambapo kura zake za asilimia 5.33 zinatajwa kuwa ndizo zilizomwangusha Jospin katika duru ya kwanza, sina la kumtetea. Jospin alizidiwa na Jean-Marie Le Pen, mgombea wa mrengo mkali wa kulia, kwa kura zisizofika 200,000, na hesabu hiyo inajieleza.

Naomba mchapishe sahihisho la tarehe ya kujiuzulu kwake, na kama nafasi ipo, muuweke usemi wake ukiwa na nusu zote mbili.

Msomaji wenu,
Tanga