Barua kwa mwanangu: jina lililo kwenye fulana yako

Mwanangu Baraka,

Marahaba, salamu zako zimefika. Hapa Tanga hatujambo, mvua tu ndiyo imetuchosha. Ile fulana uliyoisahau aliianua bibi yako jana jioni. Aliitandaza mapajani, akasoma herufi moja moja: BABYLON, na ule mstari mwekundu uliolikata neno katikati. Mdomoni mwake likatoka "Babu Loni", akauliza huyo mzee ni wa ukoo gani.

Nimecheka sana. Lakini usiku nikawa najiuliza kama wewe mwenyewe unajua umevaa jina la nani.

Ninyi watu wa rege mkisema Babiloni mnamaanisha polisi, serikali, kila mwenye rungu. Siwalaumu. Marasta wa Jamaika walilitoa kwenye Biblia, ambamo Babiloni ni ule mji wa kale wa Babeli: mababu zao walivushwa bahari wakiwa watumwa, nao wakajiona wazi katika Zaburi ya 137, "Kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi, tukalia tulipoikumbuka Sayuni." Waliolia hapo mwanzo ni Wayahudi waliohamishwa na Nebukadneza, mfalme wa Babeli, yule aliyeubomoa mji wa Yerusalemu yapata mwaka 587 kabla ya Kristo. Kitabu cha Ufunuo nacho kikalitumia jina hilo kwa fumbo, na wafafanuzi wengi husema aliyelengwa ni Roma.

Sasa waulize wenye mji. Kwa Kiakadi, lugha yao, waliuita Bab-ili: mlango wa mungu. Nilipomtajia mwalimu wa madrasa hapa jirani, hakungoja nimalize. "Bab? Si mlango huo!" Na ndivyo, Kiakadi na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja, ni bab ileile ya Bab el-Mandeb, ule mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu. Akanikumbusha pia kwamba Babil imo katika Kurani, Sura ya Al-Baqara aya ya 102, pamoja na Harut na Marut na habari za uchawi.

Waebrania, ambao mlango ule waliuingia wakiwa mateka, walisikia kingine kabisa. Kwao Babeli ilifanana na balal, kuvuruga, na ndiyo maana Mwanzo sura ya 11 inasema mji ulipewa jina hilo kwa kuwa lugha za watu zilivurugwa pale. Na kuna wataalamu wanaoona kwamba hata huo "mlango wa mungu" ulibandikwa baadaye juu ya jina la kale zaidi, ambalo maana yake imepotea. Unakumbuka Bagamoyo, tulipokwenda ukiwa darasa la tano? Mmoja alituambia ni "bwaga moyo", pumzika, mzigo umefika pwani. Mwingine akasema hapana, ni mtumwa aliyeuacha moyo wake pale. Ukanivuta shati uniulize nani anasema kweli, nami nikakununulia muhogo wa kukaanga.

Ila kinachonikaa zaidi kichwani ni matofali. Nebukadneza aliyapiga muhuri kabla hayajachomwa: jina lake, kwamba ni mfalme wa Babeli, mwana wa Nabopolassar. Mji ulipokufa, watu wa Hilla, mji ulio jirani na magofu hayo huko Iraki, waliyachimbua wakajengea nyumba zao. Fikiria mama anapika, na nyuma ya chungu, chini ya masizi, mfalme anajitaja. Miaka ya 1980 Saddam Hussein akajenga upya kuta juu ya magofu yaleyale, na baadhi ya matofali yake akayaandika jina lake mwenyewe. Nayo bado yapo.

Fulana nitaikabidhi kwa kondakta wa basi la Jumamosi, pamoja na machungwa ya Muheza. Bibi yako amekataa isipigwe pasi juu ya maandishi. Anasema Babu Loni ataungua.

Baba yako