Usiuze Magari Yote kwa Mpigo

Sahibu yangu,

Salamu zako zimefika, na maembe pia, ingawa mawili yalipondeka njiani. Huku sote wazima. Mama watoto anasema bado unamdai samaki.

Unaniuliza kama uuze magari yako yote matano ya dizeli ununue ya umeme. Uza mawili tu kwanza.

Mimi nilijiona mjanja. Nilinunua vani tatu, nikafungiwa mashine tatu za kuchajia, kilowati 7 kila moja. Usiku wa kwanza nikazichomeka zote pamoja, na tanuri la mikate linawaka. Saa nane usiku swichi kuu ikakatika. Giza totoro, mikate nusu mbichi, na alfajiri hakuna gari hata moja lililojaa. Nimlaumu nani? Kilowati 21 za magari nimezipandisha juu ya tanuri, kwenye laini iliyowekwa kwa ajili ya mikate peke yake! Sasa nina umeme wa fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazogawana mzigo, mita ya magari iko mbali na ya tanuri, na vani zinachajiwa kwa zamu. Kwa hiyo kabla hujakanyaga duka la magari, mwite fundi umeme aikague laini yako.

Hesabu ya mafuta ndiyo tamu. Bei ya umeme wa magari hapa Kenya iliyoanza 2023 ilipangwa shilingi 16 kwa yuniti, na 8 kwa zile saa za usiku umeme unapotumika kidogo, kabla ya kodi na tozo. Vani yangu inakula kama yuniti 20 kwa kilomita 100. Mzunguko wa kilomita 120 ni yuniti 24, yaani shilingi 192 kwa bei hiyo ya usiku, kisha ongeza hizo tozo. Ile ya dizeli ilikunywa lita 12 kwa mwendo huohuo. Bei ya pampu unaijua, nisikuudhi. Na umeme haunyonywi kwa mpira kutoka kwenye tangi. Unanielewa.

Lakini njia zako za huko Mombasa si zangu. Mtwapa na Kilifi, gari linarudi nyumbani kila jioni: hizo zipe umeme. Voi kwenda na kurudi ni kilomita zaidi ya 300, acha dizeli iendelee kuhangaika nayo. Usidanganywe na karatasi za muuzaji. Langu liliandikwa kilomita 250 kwa chaji moja. Nikiwa na mzigo, na ule mlima wa kurudi kutoka Mai Mahiu, kule bondeni, napata 180. Kuteremka linajirudishia kidogo kwenye breki, kupanda linakula kama mchimba kisima.

Halafu joto la Mombasa. Betri hailipendi. Gari likitoka kazini limechemka, lipoe kivulini kwanza ndipo ulichomeke. Kivuli cha mabati lakini. Sitaki kusikia una makuti juu ya nyaya.

Madereva watanuna wiki mbili hivi. Wangu mmoja sasa hataki kusikia habari za gia. Waambie tu waende polepole sokoni, kwa kuwa watu hawalisikii likija. Sisi tulishapangusana na mkokoteni.

Nitumie daftari la kilomita za kila gari, la mwezi mmoja, tulipitie kwa simu. Na maembe mengine uyafunge kwenye pumba.

Ni mimi, mwenzako wa dawati la nyuma